Vumbi la Gasana

Kanyange aliacha kufagia nyumba yake tangu alipojifunza kwamba mtu hubanduka kidogo kidogo maisha yake yote, na vipande vyake hubaki pale alipolala.

Alijifunza hivyo katika darasa la jioni la akina mama, kwenye shule ya misheni chini ya kilima cha Kingi, miaka ile vijana wa Masisi walipokuwa wakichukuliwa kwenda kuchimba mawe ya bati huko Walikale. Akina mama walifika wakiwa wamemaliza kukamua, watoto mgongoni, matope ya zizi yangali miguuni, wakakaa kwenye vibao ambavyo mchana vilikuwa vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Siku nyingine walisoma na kushona. Alhamisi ilikuwa siku ya usafi, na mwalimu wa usafi alikuwa Papa Ndayambaje, muganga wa dispansari, mtu mwembamba wa sauti ya polepole ambaye hakuwahi kumcheka mtu aliyekosea.

Siku ile alileta kitambaa cheusi na lupe, kile kioo cha mkono kinachokuza vitu vidogo. Alitandika kitambaa mezani chini ya taa, akakunja mkono wa shati, akakwaruza kiwiko chake kwa upande wa kisu usiokata. Unga mweupe ukadondoka juu ya kitambaa. Akawaita waje kuangalia.

"Ni nini hii, Mama Evode?"

Kanyange aliinama, mtoto wake Evode akimvuta nywele kutoka mgongoni. Chini ya kioo ule unga ulikuwa na umbo. Yalikuwa magamba, membamba kabisa, kama ya samaki wa ziwa wanaouzwa Kirotshe.

"Ni magamba, Papa."

"Ya nani?"

Alisita. "Ya kwako."

Akina mama wakacheka. "Kumbe muganga naye ni samaki," alisema Daphrose, ambaye siku zote alikaa nyuma ili aongee vizuri.

"Ni sisi wote," alisema Ndayambaje bila kukasirika. "Kila siku ngozi inaanguka, hata wakati umelala. Ngozi yenye ulikuwa nayo wakati wa kupanda maharage, leo haiko tena kwako. Iko mu matandiko, iko chini ya kitanda. Asubuhi jua ikipita mu mulango, munaona kale kavumbi kanacheza? Ndani ya kale kavumbi njo muko. Nyinyi, na mabwana zenu, na batoto. Na kuna tududu tunakula ile ngozi, tunakula usiku na mchana, na nyinyi hamutuone. Kwa hiyo mufagie kila siku. Mutupe majani ya zamani ya kitanda, muweke mapya. Munasikia?"

Wakajibu kwa pamoja kwamba wamesikia.

Njiani kurudi walijikwaruza mikono na kusukumana. "Mi bwana yangu nitamutupa wa kwanza," alisema Daphrose, "juu ya kukoroma." Kanyange alitembea nyuma yao. Katika somo zima yalikuwa yamemwingia maneno mawili tu: mabwana zenu.

Mume wake, Gasana, alikuwa ameondoka wakati mtama unaiva. Ng'ombe waliokuja nao kutoka ng'ambo ya ziwa walikuwa wamepukutika kwa ugonjwa, wakabaki wachache, na Gasana alisema atachimba mpaka apate mtamba mmoja, kisha atarudi. Mwanzoni salamu zake zilifika kwa midomo ya watu waliokuwa wakirudi. Kisha akaja Kabera, aliyekuwa akikaa naye kambi moja, akasema kwamba Gasana amehamishiwa upande wa Itebero, ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo watu wanatembea siku nzima bila kuona anga, na kwamba tangu hapo yeye Kabera hakumwona tena. Baada ya hayo hazikuja habari mbaya wala nzuri. Kilikuja kimya, kikakaa.

Usiku ule Kanyange hakulala haraka, na kesho yake, alipokuwa akikamua, hesabu ilijipanga yenyewe kichwani mwake. Ngozi aliyoondoka nayo Gasana imekwisha kuanguka yote, huko msituni. Kiganja kilichokuwa kinamshika shingo wakati wa kuagana hakipo tena. Mtu anayetembea Itebero, kama anatembea, amevaa ngozi ambayo yeye Kanyange hajawahi kuigusa. Na yule aliyemjua, yule wa usiku wa baridi na wa asubuhi za ukungu, yuko hapa. Yuko chini ya kitanda. Yuko kwenye kona nyuma ya mafiga, na katika majani ya upande wa ukuta alikolala.

Wazo lile lilimtia baridi mwilini. Kisha, polepole, likamtia joto.

Alirudi ndani, akashika ufagio, akafungua mlango. Jua lilikuwa limepanda juu ya ukungu wa bonde, na mwale wake ukaingia mpaka kwenye mafiga, umejaa vumbi linalopanda na kushuka bila haraka. Akasimama akilitazama. Halafu akaurudisha ufagio nyuma ya mlango.

Tangu hapo alitembea ndani ya nyumba yake kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Majani ya kitanda hakuyabadilisha. Alilala ukingoni, upande wake, akaacha ule mwingine na shimo lake la mabega na nyonga. Majivu yalijaa kwenye mafiga yakamwagika pembeni, hakuyatoa, maana nani angejua kilichochanganyika humo. Asubuhi alikaa kwenye kile kipande cha mwanga, akavuta pumzi ndefu, akijua anavuta nini. Haikuwa furaha. Ilikuwa ni kutokuwa peke yake kabisa, na kwa mwanamke wa juu ya kilima, ambaye jirani yake wa karibu alikuwa chini ya malisho, hilo halikuwa jambo dogo.

Evode alikuwa na umri wa kutambaa. Kanyange alimbeba. Alimbeba akipika, alimbeba akikamua, alimbeba hata alipokaa tu, kwa sababu mtoto akishushwa angelivuruga vumbi lote kwa mikono yake, na kwa sababu funza walikuwa wameanza. Mmoja aliingia kwenye kidole cha mguu wake mwenyewe. Alimchokoa kwa pini, akatoa kifuko cheupe, kimejaa mayai, kikubwa kama punje ya mtama. Alikiangalia pale kwenye ncha ya pini. Huyu naye alikuwa amemfanya nyumba, akala, akanenepa, na mwenye nyumba hajui. Akakitupa motoni, kikapasuka.

Jirani wa kwanza kuona alikuwa Mukandori, aliyepanda kuomba kaa la moto. Alifika mlangoni na kigae chake mkononi, akatazama sakafu, akatazama mlima wa majivu, akatazama ufagio uliowekwa nyuma ya mlango. Uso wake ukabadilika.

"Nitaomba kwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Hapana kusimama, Mama Evode. Kaa tu."

Akateremka haraka bila kugeuka nyuma. Kanyange alifikiri amechukizwa na uchafu, akaona aibu, lakini aibu haikutosha kumnyanyua.

Kitu chenyewe alikuwa anakijua tangu utoto, kama anavyojua jina lake, na labda ndiyo sababu hakukifikiria. Kwa watu wa kilima kile nyumba isiyofagiwa ilikuwa na maana moja. Mtu akifa, ufagio unawekwa nyuma ya mlango, majivu hayatoki, maziwa ya nyumba ile hayaendi kwa wengine, mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo mjane anafagia kila kona, anatupa nje, na maisha yanaanza tena. Walikuwa Wakristo, misa hawakukosa, lakini ufagio haukuwa umebatizwa pamoja nao.

Alianza kuiona maana hiyo siku alipopeleka maziwa kwa Pétronille, mke wa mwalimu, pale sentro ya Masisi. Pétronille alikuwa mnunuzi wao wa siku zote. Alitoka, akaona kibuyu, akaweka mikono nyuma.

"Pole, mama."

"Pole ya nini?"

"Maziwa urudishe tu nyumbani. Tutachukua tena kisha siku zenu kuisha."

"Siku gani, Mama Pétronille?"

Yule mama akaangalia chini. "Hamukutuambia, sawa, kila nyumba na namna yake. Lakini kilima kinaona. Bwana yangu alisema atakuja kuwasalimia Jumapili."

Kanyange alirudi na kibuyu kimejaa, kikimpiga nyonga kila hatua. Mwanamume mmoja aliyekutana naye njiani alivua kofia, akajitoa pembeni ampishe. Wasichana waliokuwa wakicheka kisimani walinyamaza alipokaribia, na alipopita hawakuendelea. Hapo ndipo alipokumbuka ufagio nyuma ya mlango. Walikuwa wanampisha kama wanavyompisha mjane.

Mlangoni kwake alimkuta mama mkwe wake, Mukarugwiza, ameketi juu ya jiwe, shuka limefunika kichwa. Mukarugwiza hakuwa mtu wa kuketi. Alikuwa mwanamke wa kusimama na fimbo katikati ya ng'ombe, akiwaita kwa majina yao. Sasa mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama si yake.

"Wanawake walikuja kwangu asubuhi," alisema. "Walikaa. Hawakusema kitu. Mi nikauliza, munakaa nini? Hawakujibu. Mumoja akalia."

"Mama."

"Ni Kabera njo alikuambia?"

"Hakuna muntu aliniambia kitu."

"Hapana kunificha. Miye njo nilimuzaa. Kama mutoto wangu alishakufa, nilipashwa kujua wa kwanza, mbele ya watu wa kisima. Hata kama unaniogopa. Hata kama hunipendi. Nilipashwa kujua mbele yao."

Kanyange aliweka kibuyu chini na kupiga magoti mbele yake, Evode mgongoni. Hakuwa na uongo wowote karibu, akasema ukweli, na ukweli ulivyotoka mdomoni ulisikika kama maneno ya mwenda wazimu. Alisema juu ya muganga, kitambaa cheusi na kisu. Mukarugwiza alimtazama bila kuelewa. Basi Kanyange akafungua kitambaa chake cha kichwa, cheusi, akakitandika juu ya goti, akakwaruza kiwiko chake kwa ukucha. Unga ukaanguka.

"Ni miye huyu, Mama. Kila siku ninaanguka vile. Na Gasana pia alianguka hapa, siku zote za kukaa kwetu. Sikufagia juu sikutaka kumutupa."

Mama mkwe alisogeza uso karibu na kitambaa. Macho yake hayakuwa tena mazuri, lakini weupe juu ya weusi aliuona. Akaugusa unga kwa ncha ya kidole.

"Na ule mwenye kuwa Itebero?"

"Ni yeye, lakini na ngozi ingine. Hii tunayoijua iko humu."

Mukarugwiza akageuza kichwa, akatazama ndani ya nyumba kupitia mlango, muda mrefu. Shuka lilimteleza begani, asilirudishe.

"Na ya muntu mwenye alishakufa," aliuliza, "inabaki pia?"

Kanyange alijibu kabla hajafikiri. "Inabaki, kama hawakufagia."

Alipoona ule uso alitamani ayarudishe maneno kinywani. Mama mkwe alikuwa amefunga macho. Mume wake, Rukara, alikufa katika nyumba yao ya zamani, ng'ambo ya ziwa, kabla ya kuhamia Masisi. Kanyange hakumkuta.

"Siku ya kumaliza kilio nilifagia mi mwenyewe," alisema Mukarugwiza. "Sikuacha kona. Watu walisema, muangalie Mukarugwiza, mujane mwenye kujua kazi. Nilifurahi kusikia vile. Nikabeba yote mu kitunga, nikatupa mu shamba ya ndizi. Hakuna muntu aliniambia ni nani niko nabeba."

Evode alikohoa. Chini kwenye malisho ng'ombe mmoja aliita, wala hakuna aliyemjibu. Kule darasani walikuwa wamefundishwa kufunga kidonda na kuchemsha maji, lakini jambo hili halikufundishwa.

"Ule mwaka," alisema mama mkwe taratibu, macho bado yamefungwa, "zile ndizi zilizaa mingi sana. Pombe yake hata bashemeji walisifu, na wale hawasifu kitu." Mdomo wake ukatikisika upande mmoja. "Basi tulimukunywa. Naye alipenda pombe, ule mwanaume. Hakuna pahali pengine angetaka kwenda."

Wakaangaliana. Kilichowatoka hakikuwa kicheko hasa, lakini kilikuwa karibu nacho, na kilipokwisha Mukarugwiza alijifuta macho kwa ncha ya shuka, akakaa wima.

"Sasa usikilize. Mi sisemi muganga anadanganya. Lakini hii vumbi yako inasema mutoto wangu alishakufa. Inasema kila asubuhi, na kilima chote kinasikia. Kesho muntu atashuka Walikale, atamukuta huko, atamuambia: kwenu wanalia kilio chako, bibi yako anakaa mu majivu. Unafikiri atarudi? Muntu mwenye walishamulilia hana tena mulango. Atasema, walishanimaliza. Atakaa mule mu pori, atatafuta bibi mwingine, na sisi tutabaki na kavumbi."

Kanyange alikuwa ameona kila kitu kwa mara moja, kama chini ya kile kioo cha muganga. Wote wawili hawezi kuwa nao. Akimweka huyu wa sakafuni, yule wa Itebero anakufa. Na yule wa Itebero, kama yupo, yeye Kanyange amebaki na jina lake tu.

"Unisaidie, Mama," alisema mwishoni.

"Hapana." Mukarugwiza alisema bila ukali. Akanyoosha mikono. "Unipe mutoto. Mi nilishafagia mumoja. Huyu ni wako."

Jua lilikuwa bado halijashuka, na watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani kwenye kile kinjia kinachokata malisho. Kanyange aliufungua mlango mpaka mwisho. Alianza upande wa ukuta. Aliyainua majani ya kitanda, yale yenye shimo la mabega na nyonga, nayo yakavunjika mikononi, makavu, hayana harufu ya mtu yeyote. Alikuwa ametarajia harufu. Akayabeba nje. Kisha akafagia chini ya kitanda, kisha ukutani, kisha nyuma ya mafiga. Muganga alikuwa amewaambia wanyunyize maji kwanza ili vumbi lisiruke. Hakunyunyiza. Aliliacha liruke, likamwingia kwenye nywele, puani, kinywani. Alikohoa, ila hakutema.

Vyote alivitoa kwa kitunga, akaenda kumwaga kwenye maharage nyuma ya nyumba, si kwenye korongo. Upepo ulichukua sehemu, ukaipeleka chini kuelekea njiani, na watu waliokuwa wanapita wakaona wingu dogo la kijivu linatoka kwenye nyumba ya Gasana kukiwa na jua. Mukandori alikuwa mmoja wao, na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama.

"Mama Evode, unafagia?" aliita kutoka chini.

"Nafagia."

"Ni kusema kilio kimeisha, ao?"

"Hakukuwa kilio. Nilikuwa mvivu."

Mukandori alifikiri kidogo. "Uvivu ya namna ile," alisema, "ungetuambia mbele. Mi nilishatengeneza hata pombe ya kuwaletea."

"Kunywa tu," alisema Mukarugwiza kutoka mlangoni, mjukuu magotini. "Unywe sasa, mbele ya bwana yako kuifikia."

Kicheko kikapita njiani kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na watu wakaendelea na safari zao. Kesho yake kilima kizima kingejua. Ya Itebero hakuna aliyeyajua.

Kabla ya giza Kanyange alichukua mundu, akaenda ukingo wa malisho, akakata majani mabichi, mizigo miwili. Mama mkwe alimtazama akitandaza wa kwanza, kisha wa pili.

"Majani mingi vile ya nini? Uko peke yako na kamutoto."

"Kitanda ni ya watu wawili, Mama."

Mukarugwiza alimshusha Evode sakafuni, akapanga shuka lake vizuri, akaenda kwenye ng'ombe wake, na muda kidogo baadaye Kanyange alimsikia akiwaita kwa majina.

Mtoto alibaki pale alipowekwa, mikono chini, akashangaa ardhi. Halafu akasogea. Alikwenda mpaka kwenye mafiga, akageuka, akamwangalia mama yake kuona kama atazuiwa. Hakuzuiwa. Viganja vyake vilipogeuka juu havikuwa na kitu, hata vumbi.

Nyumba ilinuka majani mabichi. Tangu ile Alhamisi ya muganga, Kanyange hakuwa amehisi utupu wa namna ile. Hata pumzi ilikuwa hewa tu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akajaribu kumfikiria mtu anayekuja kutoka msituni na mkono ambao hajawahi kuushika. Ilimtisha. Alijaribu tena. Alhamisi, aliwaza, atamuuliza Papa Ndayambaje kama mtu anaweza kuizoea ngozi mpya, na inachukua muda gani.

Kisha akamwita Evode, akajilaza naye upande wake, akaacha ule wa ukutani umeinuka, mnene, haujalaliwa na mtu.